Kijani Ni Wewe

Jumatatu, 4 Machi

Leo kijani imevuka nusu ya skrini. Nimeiona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Niandike jinsi mashine inavyokuvaa, maana nikishaondoka hapa nitasahau, na nataka kuja kuwasimulia watu vizuri. Kwanza unafungwa mkanda mpana kifuani na mwingine kiunoni. Halafu kamba za juu zinakuinua kutoka kwenye kiti mpaka miguu inaning'inia kama suruali iliyoanikwa. Chini kuna mkeka wa mpira unaozunguka. Kila mguu unafungwa kwenye vyuma vyenye mota, moja nyongani, moja gotini. Zikiwashwa, chuma kinakunja goti, kinapeleka mguu mbele, kinaushusha. Wa pili unafuata. Ukijitazama kwenye kioo cha ukutani unaona mtu anatembea. Kioo chenyewe kichafu pembeni, lakini mtu anaonekana.

Wagonjwa tunaiita Bwana Harusi, kwa sababu inakukumbatia kiuno mbele za watu bila haya. Na mtaalamu wetu wa viungo tunamwita Mama Mikanda. Anajua. Hakasiriki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma skrini. Mistari miwili. "Kijani ni wewe," aliniambia. "Bluu ni mashine. Kijani ikipanda, ujue unasukuma." Tangu hapo sina kazi nyingine duniani. Nasukuma. Jasho mpaka ndani ya masikio. Na bluu iko chini kabisa, imelala. Mashine hainisaidii kitu siku hizi, inanishikilia tu.

Mke wangu alikuwepo. Amenipangusa uso, akasema, "Baba watoto, taratibu, utatuacha nyuma."

Nimekula sahani nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Rola amekuja. Tumepaka rangi pamoja tangu hatujaota ndevu, mimi na yeye, na ndiye aliyekuwa chini ya jukwaa siku ubao ulipovunjika. Nilianguka karibu na miguu yake. Tangu siku ile akinitazama, hutazama kwanza pembeni, halafu ndiyo mimi.

Amekuja na habari. Lile duka kubwa la rangi wanatafuta mtu wa kuchanganya. Mteja anakuja na kipande cha kitambaa au bamba la gari, wewe unamtafutia rangi yake. Kazi ya kukaa. Tena wanataka awafundishe vijana. Rola amewatajia mimi. "Jicho lako la rangi hakuna asiyelijua," anasema. "Wanakusubiri wewe tu, kaka."

Nikamwambia awashukuru. Katikati ya mwaka nitakuwa juu ya ngazi.

Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama kikombe.

Rola akang'ang'ania. Chukua tu, ukipona utaacha, nani atakukataza. Ikanikera. Mtu anakuja hospitali kukutafutia kiti! Nikamwambia anataka nikae ili jukwaani abaki yeye peke yake, wateja wote wawe wake. Nilisema hivyo, na wodi nzima ikasikia.

Ameacha chai nusu. Mke wangu amemsindikiza getini, amekawia sana kurudi. Nilipomwuliza walikuwa wanaongea nini, amesema, salamu za nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Mama Mikanda anataka nianze mafunzo ya kiti. Jinsi ya kujihamisha kutoka kitandani kwa mikono, jinsi ya kupanda ukingo wa barabara. Nimekataa. Hayo ni ya watakaobaki wamekaa. Nimesema muda huo anipe kwenye Bwana Harusi.

Hakubishana. Kawaida yake hubishana.

Mwalimu, mgonjwa wa kitanda cha jirani, amemaliza mafunzo yake. Kesho anaondoka, anajisukuma mwenyewe, mikono imetoka misuli kama ya mpiga makasia. Amenipigia magoti kwa utani, yaani ameinamisha kichwa kwenye kiti, akasema, "Mfalme, mimi natangulia." Halafu kwa sauti ya chini, "Bwana, jifunze kiti. Hakikuzuii kutembea."

Nilimwonea huruma. Niandike hivyo hivyo: nilimwonea huruma.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempigia mama simu. Nimemwambia natembea. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe amempa jirani simu ashike, yeye analia.

Atakuja. Anatafuta wa kumwachia nyumba.

Leo paja la kulia lilikuwa na joto wakati mota zinazunguka. Nimemwambia Mama Mikanda, akasema, "Vizuri." Neno moja tu, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Mke wangu amenisimulia habari za nyumbani. Kule juu kwetu, ghorofani, upepo ni mzuri siku hizi, anasema, na fundi seremala wa ng'ambo ya barabara ameezeka paa jipya, linawaka machoni ukifungua dirisha. Nimefumba macho nikaliona. Nimehesabu ngazi zetu kwa kichwa, nikapanda.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama Mikanda hakuja, mwanawe anaumwa. Ameletwa bwana mmoja kutoka wodi nyingine, mrefu, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Amenifunga vizuri, akiniuliza kila mkanda kama unabana. Amesimama kwenye skrini, amebonyeza bonyeza, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za sukari kwenye chai:

"Nikuwekee msaada wote, kama kawaida yako?"

Nikasema, "Msaada wa nini?"

"Wa mota. Naona humu ndivyo unavyofanya siku zote."

Nikamwambia amechanganya wagonjwa. Mimi nasukuma mwenyewe, niko zaidi ya nusu. Aangalie kijani.

Akaangalia skrini. Akaniangalia mimi. "Kijani ni mota, bwana," akasema. "Wewe ni bluu."

Nikacheka. Mke wangu alikuwa kwenye benchi lake la siku zote, nikamgeukia ili tumcheke pamoja huyu mgeni wa watu, asiyejua mashine. Mke wangu hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anakunja kitambaa cha kunipangusia jasho. Anakikunja, anakikunjua, anakikunja.

Hapo nilijua. Kabla mota hazijapunguzwa, nilishajua.

Lakini nilisema, punguza. Yule bwana akasita, akasema si lazima leo. Nikasema punguza. Akapunguza kidogo. Mguu wa kulia ukaenda mbele, ukapungukiwa, ukashuka na vidole. Akapunguza tena. Nilisukuma. Mungu ananiona, nilisukuma kama mtu anayesukuma lori kutoka topeni. Mkeka ukaburuta viatu vyangu nyuma, magoti yakanyooka kama ya mdoli, nikabaki naning'inia kwenye kamba huku chini mkeka unakwenda zake bila mimi.

"Unasukuma?" akauliza, kwa upole.

"Nasukuma."

Akazima.

Kijani ilikuwa imeanguka mpaka chini. Bluu haikupanda. Ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, nyembamba, kama uzi umesahauliwa kwenye sakafu. Na mimi nilikuwa naitazama kila siku na kujisifu kwamba imelala.

Nimemwambia mke wangu aende nyumbani. Akasema, "Ngoja nikueleze." Nikasema nenda.

Jumanne, 19 Machi

Sikwenda mazoezini. Nimegeukia ukuta. Ukuta umepakwa vibaya, mtu alipitisha rola juu ya vumbi.

Mke wangu alikuja, akakaa, akaondoka. Ameacha chakula.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimemwuliza. Nilianza kwa sauti ndogo, ya wodini. Nilimwuliza tangu lini.

Tangu mwezi wa kwanza. Daktari alimwita ofisini yeye na kaka yake, akawaeleza. Uti wa mgongo umekatika vibaya, miguu hairudi. Alitaka kuja kuniambia mimi siku ile ile, mke wangu akamwomba asubiri kidogo.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huli. Umesahau? Ulikuwa umegeukia ukuta. Uliniambia niwalee watoto vizuri. Mtu anasema hivyo akiwa na maana gani?"

Sikusahau. Nakumbuka nilisema.

Anasema siku waliyonifunga kwenye mashine kwa mara ya kwanza, nilijitazama kwenye kioo na nikatabasamu. Nikaomba uji. Basi akamfuata Mama Mikanda kwenye korido, akamshika mikono. Mwachie wiki moja, alimwambia. Mwambie ni yeye anayesukuma. Apate nguvu, halafu tutamwambia. Mama Mikanda alikataa, halafu akakubali. Wiki ikaisha nikiwa nimeanza kunenepa. Nani angeanza kusema?

Nikamwuliza nani mwingine anajua. Nikawataja mmoja mmoja. Kaka yake, anajua. Manesi, wanajua. Mwalimu, alikisia. Rola?

"Rola nilimwambia mimi," akasema. "Ndiyo maana alikutafutia ile kazi."

Nilimwona Rola na kikombe chake. Nilisikia nilivyomwambia, mbele ya wodi nzima, na mke wangu amekaa pale akijua kila kitu. Aliniacha nimalize sentensi yangu.

"Ungenizuia," nikamwambia. "Siku ile tu. Ungesema neno moja."

"Ningesema neno gani?"

Halafu, kwa kuwa lilikuwa limeshafunguka, akatoa na jingine. Hatukai tena juu. Mwezi uliopita wamehamia chumba cha chini, jengo lile lile, nyuma, karibu na tangi la maji. Kaka yake amebomoa kizingiti na kumwaga zege la mteremko mlangoni. Kiti kimeshanunuliwa, kimefunikwa shuka.

"Na lile paa la seremala?" nikamwuliza. "Linalowaka machoni?"

Akasema, "Lipo. Nililiona kabla hatujahama."

Hili ndilo lililoniuma kuliko daktari. Miguu imekwenda, sawa, mtu anaanguka, anaumia. Lakini kila jioni nilikuwa nafumba macho na kupanda ngazi kwenda kwenye nyumba ambayo mke wangu alishaihama, na yeye amekaa hapa ananishika mkono na kunifungulia dirisha lisilo letu.

Nimemwambia sijui nimwamini kwa lipi. Akisema mvua inanyesha itabidi nitoe mkono nje. Amesema, "Una haki." Sikutaka haki. Nilitaka abishe.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Mikanda amerudi. Alishaambiwa. Amevuta kiti akakaa, ambacho huwa hafanyi, siku zote yuko wima.

Hakujitetea sana. Amesema amewaona watu wakijiachia wakafa kwa kidonda cha mgongoni na huzuni. Amesema mashine inafaa hata kwa miguu isiyorudi, mifupa inapata uzito, damu inatembea, utumbo unafanya kazi. Kwa hiyo hakunifanyia kitu cha bure.

Nikamwambia, "Hukunifanyia cha bure. Uliniambia kijani ni mimi."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuambia."

"Na lile joto la pajani? Ulisema vizuri."

Akasema hilo joto ni misuli kujikaza yenyewe, bila amri yangu. Alitaka kuniambia siku ile. Alikwenda dirishani kutafuta maneno, akayakosa.

Nimemwambia anipe mafunzo ya kiti. Amesimama haraka sana, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kutoka.

Ni magumu. Mikono yangu ya fundi rangi, iliyoshika rola juu ya kichwa kutwa nzima, inatetemeka kubeba makalio yangu mwenyewe kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Nimeanguka kwenye godoro lililotandikwa chini. Miezi yote hii ningekuwa nimeshajua! Mwalimu alikijua kiti kabla ya kuondoka. Mimi nilikuwa nafanya sarakasi kwenye kamba.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempigia Rola. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Amepokea, akasema, "Kaka," na yakapotea yote.

Nikamwuliza ile nafasi bado ipo? Imeshachukuliwa. Waliningoja wiki nzima, jibu halikuwafikia, wakamchukua mwingine. Ameniambia taratibu, kama anayempa mtu mtoto aliyelala.

Nikasema nisamehe kwa yale. Akasema yamekwisha. Halafu nikamwuliza na yeye, ulijua, mbona hukuniambia mimi mwenyewe, tumetoka mbali hivi?

"Mkeo aliniapisha."

"Mimi na wewe je?"

Kuna mtu nyuma yake alikuwa anakwangua ukuta na msasa. Rola akasema, "Nilikuona ukianguka. Sikuweza kukuangusha mara ya pili."

Maneno mazuri. Nimeyageuza geuza tangu asubuhi na sijaona mahali pa kuyashika. Wote waliniogopa mimi, au waliogopa kuniona? Wote wamenipenda sana. Na kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyenichukulia kuwa mtu mzima.

Jumapili, 24 Machi

Mama amepata wa kumwachia nyumba. Anafika Alhamisi. Mke wangu ndiye aliyepokea simu.

Amekuja na chakula, watoto amewaacha kwa kaka yake. Amekaa pembeni ya kitanda, si karibu na mkono wangu kama zamani, pembeni kabisa, kama mgeni. Akasema ana ombi.

"Akuone ukiwa umesimama. Mara moja tu. Moyo wake unaujua ulivyo, baba watoto, daktari wake amesema asipewe habari za ghafla. Akikuona kwenye mashine atatulia. Halafu tutamweleza polepole."

Nikamwuliza, "Hivyo ndivyo ulivyosema juu yangu?"

"Ndiyo," akasema. "Maneno hayo hayo."

Angalau hapo hakunidanganya.

Sikukubali. Sikukataa pia. Nilimwambia mimi ndiye niliyempigia simu mama nikamwambia natembea, na niliposema nilikuwa naamini. Sasa siamini. Akisikia tena kutoka kwangu itakuwa nini? Mke wangu ameondoa vyombo.

Jumatano, 27 Machi

Nimeweza kujihamisha bila kuanguka. Mama Mikanda amepiga makofi, nikamtazama, akaacha.

Mke wangu ameniuliza nimeamua nini kuhusu kesho. Nimesema sijui.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika hapa hapa ukumbi wa mazoezi. Wamenishusha, wamenikalisha kwenye kiti. Mapumziko, amesema Mama Mikanda. Hakuna aliyeyaomba.

Mama alifika asubuhi. Amepungua, au mimi ndiye niliyemkumbuka mkubwa. Amenishika uso kwa mikono miwili, akanikagua kama anayechagua tunda, akasema, "Mwanangu, umenenepa." Ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akasubiri. Hakuuliza kama nitatembea. Alisubiri tu, kama mtu aliyefika mapema kwenye sherehe.

Mama Mikanda alikuja akasimama mbele yangu. Alishika mkanda mkononi akangoja niseme mimi. Na mimi nikainua mikono ili anifunge. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenilazimisha.

Mota zikawaka. Mguu ukaenda, wa pili ukafuata. Mama akasimama. Akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, mkono kinywani. Akaniuliza, "Ni wewe mwenyewe unayetembea?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Nadhani nilikuwa nafungua mdomo. Mke wangu akawahi.

"Ni yeye, mama. Anasukuma mwenyewe."

Sauti ile ile. Laini, ya kupangusa mtu uso. Miezi yote nimeisikia ikisemwa kwangu, leo nimeisikia ikisemwa kwa mwingine, nikaitegea sikio nitafute ufa ndani yake. Haikuwa na ufa. Hata mimi ningeamini tena.

Mama Mikanda akanitazama. Nikanyamaza. Nikatazama kioo, yule mtu alikuwa anatembea.

Halafu mama akaanza kupiga hatua na mimi. Pale pale alipo, kwenye sakafu, haendi popote, ameshika kamba yangu kwa mkono mmoja, anainua mguu ninapoinua, anaweka ninapoweka, na anacheka na kulia. Tulikwenda hivyo. Mke wangu akageuka akatazama ukuta.

Nilipodhani imekwisha, mama akamwambia Mama Mikanda, "Basi mfungueni. Hayo machuma yanamchelewesha. Mimi nasimama kule mlangoni, aje."

Mama Mikanda akasema kwanza apumzike kidogo, akanishusha, akaenda ofisini na hajarudi.

Mke wangu amekuja nyuma ya kiti changu, ameinama sikioni. "Tuseme mashine imeharibika," amesema. "Tuseme daktari amezuia leo." Nikamwambia, mwite mama aje hapa. Aje peke yake.

"Utamwambia nini?"

Nimesema mwite tu.

Hajasogea. Bado yuko nyuma yangu, ameshika vishikio vya kiti kwa mikono yote miwili, nahisi kiti kinatikisika. Mama yuko upande wa pili wa ukumbi, ametupa mgongo. Ameshasogeza benchi likae ukutani. Sasa ameinama anaondoa ndoo ya kudekia, njia iwe wazi.